Kuipigia Hodi Kompyuta Iliyo Mbali

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa ndiye mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaa wake. Hisa, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji: yote yamo kwenye faili moja la Excel, ndani ya kompyuta ya mezani iliyo sebuleni kwake. Mimi naishi Tabata, Dar es Salaam. Fomula ikiharibika ananipigia, tunakaa kwenye simu tukielekezana kwa maneno.

"Mama, hapo juu kushoto pameandikwa nini?"

"Pameandikwa mengi, mwanangu. Wewe unataka lipi?"

Na kesho yake ni kikao, wanachama wanasubiri kusomewa salio lao. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta namna ya kuifikia kompyuta ile nikiwa kwangu, haikuwa kwa kupenda mitambo. Hesabu za pesa za watu zilikuwa zimekwama.

Nilidhani kazi ni kupata programu nzuri. Programu zipo tele, na kadhaa hazilipiwi. Ugumu uko kwingine: kompyuta yangu na ya mama, kama zilivyo kompyuta nyingi za majumbani, hazina anwani inayojulikana nje ya nyumba zao. Zinaweza kuipigia dunia nzima, lakini dunia haiwezi kuzipigia. Ukilishika hilo, majina yote yanayochanganya watu (VPN, AnyDesk, kufungua poti, seva ya kati) yanakaa mahali pake, maana kila moja ni njia ya kulizunguka tatizo hilo hilo. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye anwani kabla ya kugusa programu yoyote.

Sanduku moja la posta, watu mia nane

Kila kifaa kinachozungumza kwenye intaneti hutambulika kwa namba, nayo ni anwani ya IP. Muundo wa namba hizi ambao bado unabeba sehemu kubwa ya intaneti, IPv4, uliwekwa rasmi mwaka 1981. Una biti 32 (biti ni tarakimu moja, sifuri au moja), na biti 32 haziwezi kutoa zaidi ya anwani 4,294,967,296. Enzi hizo kompyuta zilikuwa mitambo ya vyuo vikuu, majeshi na makampuni makubwa, na idadi ile ilionekana haiwezi kumalizwa. Leo nyumba moja ya kawaida ina simu tano, na televisheni nayo inataka intaneti. Februari 2011 akiba kuu ya dunia ilikwisha: mafungu matano ya mwisho yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda, fungu moja moja, na la Afrika lilikwenda AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius.

Intaneti haikusimama, kwa sababu dawa ya kutuliza maumivu ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1994 wahandisi walieleza njia iitwayo NAT, inayowezesha vifaa vingi kujificha nyuma ya anwani moja. Mwaka 1996 yakatengwa makundi matatu ya anwani za ndani, ambazo yeyote anaweza kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa popote: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Tazama mipangilio ya simu yako ukiwa kwenye Wi-Fi, karibu hakika utakuta mojawapo. Kompyuta ya mama ni 192.168.1.5. Ya jirani yake inaweza kuwa 192.168.1.5 vilevile, na hazigongani, kwa sababu anwani hiyo ni kama kusema "chumba cha pili kulia": ina maana kwa aliye ndani ya nyumba tu.

Aliyesoma shule ya bweni ataelewa upesi. Shule ina S.L.P. moja na wanafunzi mia nane. Chukulia kwamba karani wa shule ndiye pekee anayetuma na kupokea barua. Ukimpa barua yako, anafuta "bweni la pili, kitanda cha 14" uliyoandika nyuma ya bahasha, anaandika S.L.P. ya shule, na kando yake anaweka Kumb. Na. 5012. Kisha anaandika kwenye daftari lake: 5012 ni ya mtoto wa kitanda cha 14, ameandikiwa fulani wa Moshi. Jibu likirudi limetaja 5012, karani anafungua daftari na kulipeleka kitandani. Barua ikija haina namba inayotambulika daftarini, karani hajui ni ya nani. Anaitupa.

Karani huyo ni ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Kumb. Na. ni poti, namba isiyozidi 65,535 inayoambatana na anwani. Kanuni ya karani ni fupi: majibu yanaingia, wageni hawaingii. Kwa kusoma habari na kutazama video kanuni hiyo haikusumbui hata siku moja, kwa sababu kila mara wewe ndiye unayeanza kuandika. Lakini weka shule mbili, moja Tabata na moja Tanga, na mtoto wa shule ya kwanza anataka kumwandikia wa shule ya pili ambaye hajawahi kumwandikia. Barua itafika kwenye sanduku na kuishia mikononi mwa karani. Hali ndiyo hiyo hiyo upande wa pili. Kila mmoja anaweza kuandika, hakuna anayeweza kuandikiwa.

Ipo dawa ya zamani: unamwendea karani na kumwambia, "Barua yoyote itakayokuja na Kumb. Na. 3389, hata kama humjui aliyeituma, nipelekee mimi." Huko ndiko kufungua poti. Unaingia kwenye ukurasa wa ruta, unaandika namba ya poti na anwani ya ndani ya kompyuta, unahifadhi. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yanakuambia ufanye hivyo, na mimi niliyafuata. Nilisafiri hadi Tanga kwa ajili hiyo, nikaweka kila kitu kama kilivyoandikwa, nikajaribu kuingia kupitia simu yangu. Kimya. Nikabadilisha namba, nikazima na kuwasha ruta, nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni inayotoa laini ile nikaambiwa nizime na kuwasha ruta. Nilirudi Dar siku ya nne bila kitu.

Kilichokuwa kinanishinda ni hiki: shule yenyewe haikuwa na S.L.P. Makampuni ya intaneti nayo yaliishiwa anwani, kwa hiyo yakaweka karani mwingine juu ya makarani. Wateja wengi wanakusanywa nyuma ya anwani moja ya kampuni, kama shule kumi zinazotumia sanduku la posta la halmashauri. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Karani wa nyumbani kwa mama nilimpa maagizo, akayashika vizuri. Karani wa halmashauri hanijui na hapokei maagizo kutoka kwangu, na barua zangu ziliishia kwake.

Kulijua hili hakuchukui dakika tano, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya jambo lingine lolote. Fungua ukurasa wa ruta (mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na huwa imebandikwa chini ya ruta yenyewe), tafuta anwani iliyoandikwa upande wa WAN, yaani ule unaotazama nje. Kisha ingia kwenye tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo duniani. Zikilingana, una sanduku lako mwenyewe. Zikitofautiana, au ile ya kwenye ruta ikianza na 10 au ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya karani wa pili na kufungua poti hakutakusaidia, uwe na maarifa kiasi gani. Laini za simu, zile za bando, ndivyo zilivyo karibu zote. Laini za faiba hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Baadhi huuza anwani ya kudumu kwa wateja wa biashara; ukiulizia, uliza waziwazi kama ni anwani ya umma, inayofikika kutoka nje, maana anwani ya kudumu iliyo ya ndani haikupi chochote.

IPv6, muundo mpya wa anwani, ndiyo tiba halisi. Ina biti 128, na kila balbu ya taa ingeweza kupewa anwani yake ikabaki akiba isiyosemeka. Maelezo yake ya kwanza yalitoka 1995. Mahali ambapo nyumba zote mbili zimeunganishwa kwa IPv6, safari inakuwa fupi sana, ingawa ruta bado huzuia wageni hadi uirekebishe. Laini yangu hainipi, ya mama haimpi, kwa hiyo sitakaa hapo.

Mlango usiofaa kufunguliwa

Tuseme unayo anwani yako ya umma na poti inafunguka. Bado nakuomba usifungue 3389, poti inayotumiwa na huduma ya Windows ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali. Watu hudhani wamejificha kwa kuwa hakuna anayejua anwani yao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu yao, ZMap, ikipita kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, ikitumia kompyuta moja tu yenye intaneti ya kasi. Tangu hapo kazi hiyo inafanywa usiku na mchana na watu wenye nia ya kila aina. Kompyuta ya sebuleni Tanga ikifungua poti ile, itagongwa hata kabla siku haijaisha, na anayegonga hajui kama ni ya benki au ya kikoba. Anajaribu nywila tu, maelfu kwa maelfu.

Na nywila nzuri si kinga ya kila kitu. Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro katika huduma hiyo hiyo, iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuingia bila nywila yoyote kwenye matoleo ya zamani ya Windows. Uzito wake ulikuwa kiasi kwamba kampuni ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, hata kwa Windows XP, iliyokuwa imeacha kuhudumiwa tangu 2014. Ni kompyuta ngapi za majumbani kwetu ambazo masasisho yake yamezimwa ili kuokoa bando? Hilo ndilo linalonitisha. Hesabu za wanawake waliojinyima ili wanunue hisa hazipaswi kukaa nyuma ya mlango wa namna hiyo.

Kazi ya mshenga

Njia zote salama zinafanana kwa jambo moja: kompyuta zote mbili ndizo zinazoanza kuandika. Hakuna anayesubiri kuandikiwa. Na ili wawili wasiojuana wakutane, anahitajika mtu wa kati anayefahamika na pande zote, mwenye sanduku lake la posta. Kwetu tunaye, ni mshenga. Kwenye mtandao ni seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, yenye anwani ya umma.

Hivi ndivyo anavyofanya kazi. Kompyuta ya mama ikiwaka inamwandikia mshenga: nipo. Yangu nayo inamwandikia: nipo. Mshenga anageuza bahasha na kusoma mahali barua zilipotoka kama walivyoandika makarani, S.L.P. fulani, Kumb. Na. fulani. Anaiambia kila kompyuta habari za mwenzake. Kisha, kwa wakati mmoja, zote mbili zinaandikiana moja kwa moja. Barua yangu ya kwanza ikifika Tanga, karani wa kule haijui, anaitupa. Haidhuru. Kazi yake ilikwishafanyika huku: karani wangu ameshaandika daftarini kwamba mimi nimemwandikia huyu wa Tanga kwa namba hii. Barua ya mama inapofika, karani wangu anaitazama na kuona ni jibu. Anaipitisha. Sekunde hiyo hiyo yangu ya pili inapita upande wa Tanga kwa sababu ile ile. Makarani wote wamefuata kanuni zao bila kukiuka hata moja, na wawili wanazungumza ana kwa ana. Mshenga anakaa pembeni. Nilipoielewa njia hii niliifikiria siku nzima, kwa uzuri wake.

Karani hakai na kumbukumbu milele. Asipoona barua kwa muda, anafuta mstari ule daftarini. Ndiyo maana WireGuard, programu nitakayoirudia, inapendekeza kompyuta iliyo nyuma ya NAT itume ujumbe mdogo mtupu kila baada ya sekunde 25, kazi yake ikiwa kumkumbusha karani tu.

Kuna makarani wanaomshinda hata mshenga. Wao hutoa Kumb. Na. mpya kwa kila unayemwandikia, hivyo namba aliyoisoma mshenga siyo itakayotumika kwenda Tanga, na mama anajibu kwenye namba isiyokuwepo. Mitandao ya simu ina makarani wengi wa namna hii. Hapo mshenga hana budi kubeba kila neno mwenyewe: nampa yeye, yeye anampa mama. Mazungumzo yanawezekana, lakini umbali unabadilika. Dar na Tanga zimeachana kiasi cha kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde chache, hata ukiongeza mizunguko ya njiani. Mshenga akiwa Ulaya, ujumbe wangu unapita chini ya bahari takriban kilomita 10,000, unarudi zingine kama hizo hadi Tanga, na jibu linafuata njia ile ile. Hesabu yake ni kilomita 40,000, yaani sehemu ya tano ya sekunde kabla ruta yoyote haijachelewesha chochote. Utaihisi mkononi: unasogeza kipanya, kishale kinakufuata kwa kusitasita.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Siku kama hiyo anayetegemea mshenga wa ng'ambo anakwama hata kama mama yake yuko mtaa wa pili. Waliounganishwa moja kwa moja, na makampuni yao yanabadilishana data hapa hapa kwenye kituo cha TIX cha Dar es Salaam, wana nafasi ya kuendelea.

AnyDesk na TeamViewer, zote za makampuni ya Ujerumani, ni mshenga pamoja na skrini katika kifurushi kimoja. Unaweka programu pande zote mbili, upande mmoja unapata namba, mwingine anaiandika, skrini inaonekana. Kwa dharura sijaona kinachozishinda. Zina masharti ya matumizi binafsi na ya biashara, na mshenga ni wao: unaamini neno lao kuhusu usiri, na wakiamua umezidisha matumizi ya bure wanakukatisha. RustDesk inafanya kazi ile ile, msimbo wake uko wazi, na anayeweza anasimamisha seva yake mwenyewe.

Mimi nilichagua njia ya pili, VPN. Neno hili kwetu limepata maana ya kujificha au kufungua kilichofungwa, ilhali maana yake ya msingi ni mtandao wa faragha unaopita juu ya mtandao wa wote. Kompyuta mbili zinapewa anwani mpya zinazotambuana zenyewe tu, na kila kinachopita kati yake kimesimbwa, hakisomeki kwa asiye na ufunguo. Kompyuta ya mama inaonekana kwangu kana kwamba imechomekwa kwenye ruta ya hapa Tabata. WireGuard, iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa ndani ya mfumo wa Linux mwaka 2020, ndiyo ninayoiamini zaidi kwa kazi hii, kwa sababu haina nywila ya kubahatisha. Kila kompyuta ina ufunguo wa siri usiotoka ndani yake na ufunguo wa umma inaompa mwenzake. Asiye na ufunguo akigonga hajibiwi hata kwa "wewe nani?", kwake pale hakuna kitu.

WireGuard peke yake haina mshenga, inataka angalau upande mmoja uwe na anwani ya umma. Tailscale inaongeza mshenga juu yake, na kwa mtu binafsi ina mpango usiolipiwa. Ikishindwa kuwakutanisha moja kwa moja, inabeba data kupitia seva zake, lakini funguo zinabaki kwenye kompyuta zako, kwa hiyo inabeba bahasha zilizofungwa. Jambo moja la kukuepushia mkanganyiko: Tailscale hutoa anwani zake kutoka katika fungu lile lile la 100.64 hadi 100.127. Ukiona kompyuta yako ina anwani inayoanza na 100 baada ya kuiweka, usidhani kampuni ya intaneti imekubadilishia kitu.

Kwa walio Tanzania, kuna jambo la kisheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo ikiwataka watu na makampuni yanayotumia VPN kutoa taarifa zao kwake. Tangazo halikuandikwa likiwalenga wanaounganisha sebule mbili, lakini soma kanuni zilivyo wakati unapoanza, hasa ukiwa unafanya kwa niaba ya ofisi au kikundi.

VPN inakupa barabara tu, skrini unaitafutia chombo chake. Windows yenye toleo la Pro ina huduma yake ya kuingilia kutoka mbali, na ikipita ndani ya VPN ile poti 3389 haionekani kwa yeyote nje. Toleo la Home, lililo kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa madukani, linaweza kuingia kwa wengine lakini haliwezi kuingiliwa. Hilo liliniponyoka mwanzoni, nikatafuta kosa kwenye mtandao wakati kosa halikuwa huko. Kwa Home tumia RustDesk au programu ya VNC, aina ya kuonyesha skrini iliyozaliwa katika maabara ya Olivetti, Cambridge, miaka ya 1990, na ambayo hadi leo huvumilia karibu mfumo wowote wa kompyuta. Kwa Linux, SSH (njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali kwa maandishi) yenye ufunguo inatosha kazi nyingi bila skrini kabisa.

Na pengine skrini huihitaji. Ukitaka faili moja tu liwe sawa pande zote mbili, weka Syncthing. Inagawa faili vipande, inapeleka vipande vilivyobadilika peke yake, na kwa mtu wa bando hiyo ni nafuu kubwa. Tahadhari yake ni kwamba wawili mkihariri faili moja kwa wakati mmoja, inahifadhi matoleo mawili na kuwaachia nyinyi mwamue lipi ni sahihi. Kwenye hesabu za fedha sitaki kuamua hivyo, ndiyo maana niliendelea na skrini.

Umeme, na mwenye nyumba

Kilichonisumbua baada ya hapo si mtandao. Ni umeme. LUKU ikiisha usiku au laini ikikatika, kompyuta ya Tanga inazima, na kompyuta iliyozima haina mshenga wa kuiamsha. Ipo njia ya kuiamsha kupitia waya wa mtandao, lakini ujumbe wake hutembea ndani ya nyumba tu, hivyo lazima kuwe na kifaa kingine kule kinachowaka muda wote cha kuutuma. Njia rahisi ni kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijaanza, na kuiamuru kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi. Kwenye Windows zima usingizi wake inapokuwa kwenye umeme. Na hakikisha programu ya skrini imewekwa kama huduma ya mfumo, inayoanza kabla mtu hajaandika nywila, la sivyo masasisho yakiiwasha upya usiku utakuta imesimama kwenye ukurasa wa kuingilia nawe huna njia. Yote haya yafanye ukiwa umekaa mbele yake. Mimi niliyafanya Pasaka iliyofuata, na kabla sijaondoka nilizima umeme wa sebule kwenye swichi kuu na kuurudisha mara tatu, nikitazama kama kompyuta itanitafuta yenyewe. Ilinitafuta.

Tulipomaliza, mama aliuliza swali ambalo hakuna maelekezo niliyosoma yaliyoligusa.

"Sasa wewe utakuwa unaingia humu wakati wowote?"

Ningeweza. Programu zote hizi zina namna ya kuingia bila kuulizwa, na kwa kompyuta yako mwenyewe ndiyo unayoitaka. Lakini ile ni ya mama. Ana barua zake humo, ana picha, na ana majina ya wanawake wanaodaiwa ambao hawajamruhusu kuyaonyesha kwa mwanawe. Kwa hiyo niliiacha programu iulize. Nikigonga, kisanduku kinatokea kwenye skrini yake, na asipobofya kukubali sioni kitu. Tulikubaliana pia kwamba kabla ya kugonga nampigia simu. Kisanduku kikitokea bila simu yangu, si mimi, anakataa.

Makubaliano hayo yana sababu nyingine. Wapo matapeli wanaopiga simu wakijifanya wa benki au wa kampuni ya simu, wanamwelekeza mtu kwa upole aweke AnyDesk au programu nyingine ya namna hiyo, kisha wanaomba namba aliyoiona. Akiisoma, wanaingia. Programu haina ubaya, ndiyo ile ile ninayoisifia hapa; tofauti ni nani ameombwa na nani. Nilimwandikia mama kwa mkono kwenye karatasi, ikabandikwa pembeni ya skrini: namba inayotokea hapa hasomewi mtu yeyote kwa simu, hata akijua jina lako na la kikoba.

Funguo nazo zina mwisho wake. Kompyuta mpakato yangu ikiibiwa, aliyenayo anayo njia hadi sebuleni kwa mama, mpaka niiondoe kwenye orodha ya vifaa katika akaunti ya VPN. Naweza kuiondoa nikiwa na simu yoyote, kwa hiyo nimehifadhi namna ya kuingia kwenye akaunti ile mahali pasipo kompyuta, na dada yangu aliyeko Korogwe anajua pa kuitafuta.

Jumapili iliyopita simu iliita saa mbili usiku. "Shikamoo mama." "Marahaba. Safu ya marejesho inaleta alama za reli." Nikagonga, akabofya. Safu ilikuwa nyembamba kuliko namba zilizomo, basi. Nikaivuta kidogo kwa kipanya changu huku Tabata, naye akaitazama ikitanuka mbele yake. Kisha akaniambia niondoke, ana majina ya kuandika.